Mteja Aliyefurahia Kuambiwa Feki

Niliwahi kuwa na mteja ambaye kila nikimwambia sarafu yake ni feki, anafurahi.

Wengine hununa. Wengine hutukana. Huyu anavuta kiti.

"Umejuaje, bosi?"

Duka ni la shangazi yangu aliyenilea. Tunanunua sarafu za kale, na yeye ndiye aliyenifundisha kuzitambua. Macho yake yalipoanza kufifia akaniachia meza.

Daktari alisema asipofanyiwa upasuaji upesi, atapofuka kabisa. Tegemeo letu lilikuwa sarafu moja ya fedha, ya kweli, aliyoachiwa na mumewe. Tuliitangaza kwa picha, mnunuzi akapatikana, tulikuwa tunamsubiri.

Basi, mteja wangu alianza na tokeni.

"Hii ni ya mashine ya kamari, kaka," nikamwambia. "Wameisugua, wakaipaka rangi, wakagonga mwaka juu yake. Ona, sumaku inaivuta. Fedha haivutwi."

"Kumbe!"

Wiki iliyofuata akaleta nyingine. Sumaku haikuivuta.

"Safari hii wamejitahidi," nikacheka. "Lakini pitisha ukucha pembeni. Unausikia mshono? Imemiminwa kwenye kalibu. Ya kweli hugongwa, haina mshono."

Jamani, nilijiona profesa! Kusikilizwa kule kulininogea.

Alipoondoka, shangazi akaniita kutoka chumba cha ndani. "Unaongea sana na huyo mtu. Mimi simpendi."

"Ni mteja tu, shangazi."

Akarudi na ya tatu, ya aina ileile kama ya shangazi.

Sumaku, hola. Mshono, hakuna. Uzito, sawasawa. Niliona haya kusema sijui, kwa hiyo nikafungua kasha mwenyewe, nikaitoa ya shangazi na kuiweka kando yake nilinganishe.

Akaziokota zote mbili. Akazigeuzageuza chini ya taa. Nilitaka kuichukua yetu, lakini nitamnyang'anyaje mteja sarafu mkononi?

"Zinafanana," akasema.

Akarudisha moja kwenye kitambaa changu, nyingine akaitia mfukoni. Siku hiyo hakuuliza chochote. Akaaga, akaenda zake, na sijamwona tena.

Mnunuzi alipokuja, aliipima sarafu yetu ndani ya maji. Akaipima tena. Kisha akanisogezea bila kunitazama.

"Ndani ni shaba."

Nikaikagua kama mwehu. Haikuwa na kosa hata moja kati ya yale niliyomweleza yule bwana. Yote alikuwa ameyarekebisha.

Nilimweleza shangazi huku nalia. Hakunigombeza, na ni heri angenigombeza. Akaninyooshea mkono.

"Nishike, mwanangu. Nifundishe njia ya chooni sasa hivi ningali naona kidogo, nianze kuizoea."

Ndugu zangu, mtu akikusikiliza kupita kiasi, jiulize anatafuta nini. Mimi nilidhani ananiheshimu.