Namba Thelathini na Sita

Harufu ya maganda ya maharage yakiungua hunirudisha Nyabiondo, mashariki mwa Kongo, kwenye uwanja wa nyumba yetu, miaka ile ya vita. Mama alikuwa akipura maharage kwa fimbo, mdogo wangu mchanga yuko mgongoni, ndipo akafika yule mpiga picha.

Alikuwa Mnande kutoka Butembo, tukimwita Papa Kasereka. Alizunguka vilima kwa pikipiki akipiga picha vitu ambavyo sisi hatukuona sababu ya kuvipiga: mtu anapakia mihogo, mwanamke anakoka moto. Kwetu picha ilikuwa jambo la Pasaka. Unaoga, unajipaka mafuta, unasimama wima bila kucheka. Naungama kwenu, nilidhani amepungukiwa akili kidogo, na nilimfuata kila alipogeuka.

Akanionyesha kidirisha juu ya kamera, chenye namba zinazopanda hadi thelathini na sita.

"Ikifika ku trente-six, filme njo inaisha," akasema. "Mashini inakuwa kipofu."

Tangu hapo sikutazama kitu kingine. Kila ilipolia klak, namba ilisogea. Alimpiga Mama picha mara nyingi kabla mwenyewe hajagundua. Alipogundua, aliweka fimbo chini.

"Juu ya nini unanipiga na vumbi hivi, Papa? Ngoja nivae. Hiyo picha nitaituma kwa baba yao, aone tuko muzima."

Baba alikuwa Walikale akichimba madini, na njia ilikuwa imefungwa tangu kabla mtoto hajazaliwa. Mama hakutaka kitu kingine duniani ila baba ajue kwamba tupo.

Akamlaza mtoto ndani, akatoka na kitenge cha Jumapili na viatu vya jirani. Jamani, alipendeza. Lakini wakati anavaa, Papa Kasereka alikuwa amempiga picha kuku mlangoni, na namba ilikuwa thelathini na sita. Aliinua kamera, akafumba jicho moja. Sikusikia klak. Akanitazama. Mimi, ambaye mdomo wangu ulijulikana kilima kizima, nikanyamaza.

Majuma mengi baadaye alirudi na picha moja tu: Mama na vumbi lake, mdomo wazi, kichwa cha mtoto kikichungulia begani.

"Ile ya kitenge iko wapi?" Mama akauliza.

"Haikutoka, Mama. Unisamehe."

Mama alikasirika kweli, akanuna mpaka jioni. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguka kidogo, na kijana wa pikipiki alikuwa akielekea Walikale. Mama akaifunga picha katika karatasi ya daftari, akamkabidhi.

Baba alifika mwezi uliofuata kwa miguu, picha imelainika kwa jasho ndani ya shati. Kule walimwambia kilima chetu kiliteketea na sisi tuliisha. Alimchukua mtoto kabla ya kusalimia mtu.

"Kama ungevaa kitenge, ningesema ni picha ya zamani," akamwambia Mama. "Lakini huyu, sikumuacha hapa."

Mama alicheka na kulia pamoja. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba, maana bado niliogopa ile siri ya namba. Niliibeba miaka mingi kama dhambi. Nilipokuwa mtu mzima, nikimfunga mwanangu mgongoni, ndipo nilipoelewa: siku ile Mama, ili apendeze machoni pa baba, alimlaza ndani mtoto yule yule aliyemrudisha baba nyumbani.