Inchi Moja na Nusu

Jina la Mama Jicho lilitoka kwa wateja wake. Ukiingia kibandani kwake, kabla hujamaliza salamu, alikuwa ameshakutazama juu mpaka chini mara moja. "Kiuno thelathini na nne," atakwambia, "lakini naona siku hizi unakula vizuri, tuseme thelathini na tano." Ukipimwa, thelathini na tano kweli! Futi, ile kamba ya njano ya mafundi cherehani, ilikaa shingoni mwake kama mkufu. Aliitumia kwa wateja wageni tu, wasije wakamwona mwongo.

Tangazo lake kubwa lilikuwa mumewe, kinyozi wa kibanda cha pili. Miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumpima hata siku moja. "Nimpime wa nini? Huyu namjua hata nikifumba macho." Naye kinyozi hujibu, "Ndiyo maana suruali zote zinanibana." Uongo mtupu. Zilimkaa sawasawa, na kwa kuringa nazo barabarani hakuwa na mpinzani.

Basi kinyozi akashikwa na nimonia. Usidhani ni kile kikohozi cha kunywa maji ya moto kikaisha. Alilazwa na mpira wa oksijeni puani, siku nne nzima hana hata pumzi ya kutania. Siku ya tano pumzi ikarudi, na utani ukarudi nao. Mama Jicho alifurahi hata akamsalimia mlinzi wa getini, ambaye walikuwa hawaelewani tangu siku ya kwanza.

Kilichobaki kusumbua ni sindano. Kila asubuhi muuguzi, binti mmoja mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuja na kijisindano cha kuchoma tumboni.

"Baba, mapafu yakiugua vikali hivi, na mwili umelala tu kitandani, damu huweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hii dawa inaifanya iwe nyepesi."

Hilo neno "nyepesi" ndilo lililoharibu mambo. Kinyozi akavuta shuka mpaka kidevuni. "Nyepesi? Mwanangu, hujasikia kwamba damu ni nzito kuliko maji? Mkiifanya nyepesi si nitawasahau ndugu zangu?"

Wodi nzima ikacheka. Muuguzi akaeleza upya, akataja na hatari yenyewe, wapi! Mwishowe akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa. Ukweli, tusifichane, mzee alikuwa anaogopa sindano. Mtu aliyepitisha wembe kwenye shingo za watu maisha yake yote, tena mume wa fundi cherehani! Na Mama Jicho, badala ya kumkemea, alicheka na wenzake. Mume ana pumzi, anatania, yeye atake nini tena?

Siku ya saba daktari akasema huenda kesho kutwa mgonjwa akaruhusiwa. Mchana, saa ya kuona wagonjwa, Mama Jicho akaingia na kitambaa cha kijivu begani. Mume wake hatatoka hospitali na suruali inayomdondoka, watu wakaona. Akamfunua shuka, akamtazama juu mpaka chini, akangoja namba ije.

Namba haikuja. Nyonga zimeingia ndani, mapaja yamekwisha, na mwili aliouvisha miaka yote ile ulikuwa mgeni kwake. Aliingiwa na aibu, kisha woga. Akaivua futi shingoni.

"Makubwa haya!" kinyozi akasema. "Leo nimekuwa mteja?"

"Nyamaza. Nyoosha miguu."

Akapima kiuno, akapima mapaja, akashuka kwenye vigimbi, maana bwana alipenda suruali iliyobana kidogo chini. Kigimbi cha kulia, inchi kumi na tatu. Cha kushoto, kumi na nne na nusu. Akadhani futi imejikunja. Akapima tena, akapima mara ya tatu. Kumi na nne na nusu.

"Huu mguu unakuuma?"

"Tangu juzi. Nimeulalia vibaya tu. Hebu nikande na yale mafuta yako."

Mkono wa Mama Jicho ulishaingia kwenye mkoba, umeshaigusa chupa. Lakini inchi moja na nusu! Kwa fundi hiyo ni nguo ya mtu mwingine kabisa. Akaiacha chupa, akatoka mbio.

"Binti! Njoo! Mguu wa mume wangu umezidi inchi moja na nusu!"

Muuguzi akaja, akaugusa ule mguu polepole. Ulikuwa wa moto. "Umeukanda?"

"Bado."

"Afadhali, Mama. Usiuguse. Inawezekana damu imeganda humu. Ukikanda, bonge linaweza kung'oka likaenda hadi kwenye mapafu, na mapafu yenyewe ndiyo kwanza yanapata nafuu. Tungempoteza hapa hapa."

Daktari akaitwa, mguu ukapigwa picha, na bonge likaonekana. Mama Jicho akakaa kwenye benchi la korido akalia, wala hakujificha. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, kumbe na fundi naye hamuoni wa nyumbani kwake. Siku mbili mguu ule ulikuwa mbele ya jicho lake maarufu, yeye anacheka.

Alipomaliza kulia akarudi wodini, moto. "Mficha maradhi kilio kitamfichua! Mwanaume mzima unaumwa siku mbili, kimya! Ungekufa, hizi suruali ningemshonea nani? Eti? Ningemshonea nani?"

Muuguzi alipofika na sindano, safari hii ya matibabu, tena mara mbili kwa siku, mzee akapandisha shati mwenyewe, akafumba macho.

"Choma, mwanangu."

"Na ndugu zako je, Baba?"

"Nitakaowasahau watanisamehe. Ila huyu anayenifokea, huyu simsahau."

Alirudi nyumbani na vidonge vya miezi mitatu na amri ya kutembea kila siku. Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kuimba, Mama Jicho alimkalisha kwenye kigoda, akampima vigimbi, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda. Wateja nao sasa anawapima wote, wageni na wenyeji. "Jicho limezeeka?" wanamtania. "Jicho lina kiburi," anajibu, "futi haina."

Asubuhi moja akaandika kumi na tatu, na pembeni yake kumi na tatu. Kitambaa cha kijivu kilikuwa bado kwenye rafu, hakijaguswa na mkasi.

"Haya, mke wangu," kinyozi akasema, "kata basi."

"Ngoja nipime tena."

Akapima tena, na kinyozi akanyoosha miguu bila utani wowote.