Mwalimu Aliyeongea Kama Redio

Kila asubuhi hapa Beni jirani yangu hufungulia redio habari za Kifaransa, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na kila asubuhi namwona tena baba yangu kule Butembo, mbele ya duka lake la mabati, ameinamisha shingo, anaitikia habari kwa kichwa. Baba hakujua Kifaransa. Alijua bonjour, pardon na facture, basi. Lakini aliitikia kana kwamba waziri amemwomba ushauri, na wateja walingoja mpaka habari ziishe. Nawaambia ninyi kwa sababu yeye nisingethubutu kumwambia: sijaona tena mtu anayejidanganya kwa heshima kiasi kile.

Kwa sikio hilohilo baba, mwenyekiti wa komite ya wazazi, aliwapima walimu wetu.

Madame Kavugho alitufundisha tangu darasa la nne. Alitoka Vuhovi, kitenge chake kilinuka moshi na chaki, na Kifaransa chake kilikwenda kwa mwendo wa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kizito, bila haraka. Alitufanya tueleze kwa Kifaransa jinsi mama zetu wanavyochagua viazi vya Lubero sokoni, kisha tueleze upya kwa Kinande. “Neno yenye hauwezi kuelezea koko yako, haujaijua bado,” alituambia. Basi jioni tuliwachosha bibi zetu kwa maelezo, wakacheka na kutupa mahindi ya kuchoma.

Wazazi hawakuuliza tunajua nini. Walisimama dirishani, wakasikiliza, wakakunja pua.

“Kifaransa yake inanuka sombe,” alisema baba kwenye mkutano. “Batoto betu habatafika ku Kinshasa na mudomo ya vile.”

Wakacheka wote, watu ambao walikula hayohayo majani ya muhogo mchana uleule. Katikati ya mwaka wa sita, huku mtihani wa taifa ukitungoja, Madame Kavugho alishushwa darasa la kwanza. Sisi tukapewa Monsieur Trésor.

Monsieur Trésor alikuja na koti la buluu na manukato yaliyotangulia kuingia darasani. Alitokea Kinshasa, au alisema hivyo. Maneno yalimtoka puani, laini, yanateleza. Madaftari yetu hakuyagusa. Alituambia habari za hoteli alizolala, sisi tukanakili tarehe tu kutoka ubaoni. Dirishani wazazi walijaa. Baba alifunga duka ili aje kusikiliza.

“Unasikia? Anaongea sawa radio!” alimnong'oneza mama.

“Mais anabafundisha nini?” mama aliuliza.

“Wee nyamaza, tusikie.”

Kabla ya Pasaka ikafika siku ya proclamation, ambapo mwalimu husimama uwanjani na kusoma matokeo mbele ya wazazi wote. Monsieur Trésor hakusoma matokeo. Alitoa hotuba ya Kifaransa. Kwa sauti tamu, akitabasamu, alisema kwamba hajapata kukutana na watu wajinga kama hawa, wanaonunua maneno kama wanavyonunua mabati, kwa mng'ao wake. Alisema watoto wao watakuwa wajinga vilevile. Alisema Jumatatu anaanza kazi kwingine, kwenye mshahara wa maana, na wao watafute mpumbavu mwingine.

Wazazi walipiga makofi. Baba alisimama ili apige vizuri zaidi.

Sisi wa darasa la sita hatukupiga. Tulielewa kila neno, na tulijua ni nani aliyetuwezesha kuelewa. Niligeuka nikamtafuta. Madame Kavugho alikuwa nyuma, katikati ya watoto wake wadogo, mikono imetulia kifuani. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaweka kidole mdomoni, kama alivyofanya darasani mtu alipotaka kumjibia mwenzake.

Tukanyamaza.

Njiani baba aliniuliza, “Eti Masika, alisema nini pale batu bote balipiga mikono?”

“Alisema anaenda zake, papa.”

“Aah! Mais anaongea muzuri!”

Jumatatu darasa lilikuwa halina mwalimu. Baba aliuweka uenyekiti wake mfukoni akaenda kumwomba Madame Kavugho arudi kwetu, akakuta amekubali kazi katika shule ya misheni huko Lubero. Tulifanya mtihani kwa yale aliyotuachia, na wengi wetu tukafaulu. Baba aliwatangazia majirani kwamba ni kazi ya yule Monsieur.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kile kidole kilikuwa cha huruma, kwamba Madame aliwasitiri wazazi wetu wasiaibike mbele ya watoto wao. Nilimpenda kwa hilo. Leo mimi mwenyewe nina darasa, na akina mama na baba wenye simu za bei kali husimama dirishani kuyapima maneno yangu, hakuna hata mmoja anayeomba kuona daftari. Sasa namwelewa. Yule mwanamke aliyetutaka tueleze kila neno hadi bibi zetu waelewe, siku ile alitazama uwanja mzima wa watu wazima wakishangilia matusi yao wenyewe, na hakuona hata mmoja wa kuelezewa.

Hakuwasitiri. Aliwaacha wapige makofi.