Vijumba kwenye Yasini ya Uledi

Miaka tisa Bi Maimuna kalala na neno la Gaudens, kaamka nalo. Gaudens huyu ni yule mwenye steshenari nyuma ya soko la Kariakoo, mwenye mdomo.

Arobaini ya mumewe, Uledi, Bi Maimuna alimpa Gaudens achape vitabu vya Yasini. Watu wamekaa mkekani, ubani unafuka, sheikh kafungua kitabu: Kiswahili kipo, Kiarabu hakuna. Kurasa nzima vijumba vitupu vya mraba, safu kwa safu. Sheikh akakifunga polepole. Aibu iliyoje!

Bi Maimuna akaenda dukani kusema. Gaudens hakunyanyuka hata kitini.

"Bibi, kwenye kioo cha kompyuta maandishi yalionekana vizuri. Kwani wewe unajua kusoma?"

Wateja wakaangua kicheko. Kweli, darasa la pili hakulimaliza, lakini Yasini anayo kifuani tangu chuo cha Kurani. Kitabu kimoja akakifunga kwenye kanga, akakiweka.

Mjukuu wake Zena, aliyekuwa sekondari wakati huo, kakua analishwa kisa hicho na uji. Akasomea kompyuta, akafungua duka lake milango mitatu kutoka kwa Gaudens. Bibi akaweka kigoda mlangoni. Akangoja.

Juzi Gaudens kaja mbio, flashi mkononi, jasho linamtiririka. Nyuma yake mteja wake, Alhaji Fikirini, kanuna: Yasini mia tatu za hitima ya mama yake, hitima kesho, zote zimetoka vijumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo hucheki?"

Zena akaifungua kazi. "Kaka, fonti, yaani mwandiko, uliyoitaja kwenye faili haina herufi za Kiarabu. Kompyuta ikikosa herufi, inachora kijumba. Unaweka fonti iliyo nazo, unaitaja hapa juu, unatoa upya. Basi."

"Nitolee, dada yangu."

"Ngoja," akasema Bibi. Akafungua kanga, akampa kile kitabu cha miaka tisa. "Kwanza nisomee."

"Bibi, hapa hakuna kitu…"

"Soma! Kwani hujui kusoma?"

Gaudens akakifunua kitabu, akakifunga.

"Alhaji, umeona?" akasema Bibi. "Hivyo ndivyo mume wangu alivyosomewa arobaini yake."

Alhaji akamgeukia Zena. "Mwanangu, nichapie wewe. Kwa huyu sirudi, na wenzangu nitawaambia."

"Bibi, nisamehe," Gaudens akanong'ona.

"Wa kukusamehe nilimzika. Pisha mlango, unazuia wateja."