Mhadhiri Aliyefundisha Riwaya Isiyo na Mkia

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye, na mhadhiri huyu haruhusu mtu mwingine agombee cheo hicho.

Saa mbili asubuhi yuko ofisini, ghorofa ya tatu, dirisha halifungi. Amezungukwa na riwaya za Kimarekani za usasaleo, zile ambazo mwandishi huingia katikati ya hadithi, akagombana na wahusika wake, kisha akaondoka bila kuaga. Amezifundisha tangu nywele zikiwa nyeusi. Wanafunzi humwita Bwana Haina Mwisho.

Jina hilo alilipata kwa riwaya moja nene. Anayo fotokopi yake tangu ujana, nayo inakatika katikati ya sentensi. Juu ya sentensi hiyo amejenga tasnifu, makala na heshima yake yote.

"Nilikuwa nawaambia, ukimya ule ndio maana yenyewe," anasema, akijifuta uso usio na jasho.

Muhula uliopita binti mmoja aliandika kwamba mwishoni mwa riwaya hiyo mhusika anarudi kwa mama yake. Mhadhiri akaisoma insha mbele ya darasa, akasema binti ametunga uongo. Wenzake wakacheka. Akapata sifuri, sasa anatakiwa kurudia mwaka.

Juzi binti akaja na kitabu kizima, kile alichokuwa amekisoma kwa shangazi yake, ambaye sasa amemtumia. Sentensi inaendelea. Nukta ipo. Mama yupo.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuletea mwisho."

"Nilitamani sakafu inimeze," anasema mhadhiri. "Mtoto wa watu hata hakucheka. Angecheka, ningepona."

Inaelekea siku ile ya fotokopi mashine iliishiwa karatasi. Nadharia nzima, kumbe mzazi wake ni mashine!

Kikao cha matokeo ni kesho kutwa, na mhadhiri amepania binti asirudie mwaka. Ila jana mezani, mbele ya mkewe muuguzi, alijaribu kupenya kwenye tundu la sindano.

"Mama watoto, nitasema nilikosea kujumlisha. Alama zitarudi, mambo yataisha kimyakimya. Makala ibaki tu, nani anaisoma?"

"Na ule uongo uliomsingizia darasani?"

"Aa, watu husahau."

"Yeye je?"

"Yule bado mdogo, atazoea. Lakini mimi, na umri huu, niende kusimama mbele ya watoto?"

Mkewe akaweka kikombe chini.

"Kumfelisha ulitumia wino mwekundu, baba watoto. Leo kukiri ndio unatafuta penseli?"