Konokono wa Memsahib

Mtoto niliyemlea alipopelekwa shule ya bweni, memsahib hakunifukuza. Alinipa kazi ya kutunza samaki. Sebuleni mwao, katika nyumba iliyokuwa upande wa mlima Menengai, kulikuwa na sanduku la kioo lililojaa maji ya bahari. Maji hayo yaliletwa kwa treni kutoka Mombasa, ndani ya mapipa. Baba yangu alikuwa mpakuzi pale stesheni ya Nakuru, na mara nyingi ni yeye aliyeyashusha. "Wanatuletea maji ya chumvi, na ziwa la magadi liko hapo chini," alikuwa akisema, kisha anatema mate.

Konokono walikuja na jiwe la baharini lililotiwa humo kama pambo. Kwanza niliona watatu, wadogo kama punje za mtama. Baada ya miezi michache walikuwa wamefunika kioo chote. Ukitaka kumwona samaki, sharti ufute kwanza.

Memsahib akaniita. "Wewe naleta hii dudu kutoka bustani!"

"Si mimi, memsahib. Hawa ni wa bahari."

"Wongo!"

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini neno hilo lilinichoma. Nilitoka nyuma ya jikoni, nikaokota konokono kwenye kabichi, nikamtumbukiza katika kikombe cha maji yale yale ya sandukuni mbele ya macho ya memsahib. Akatoa povu, akajikunja, akafa.

"Wa bustani hawezi chumvi," nikasema.

Memsahib aligeuza uso. Hakuniomba radhi, wala sikutegemea.

Jumamosi bwana, mumewe, akaja na mfuko wa mrututu, ile dawa ya buluu waliyonyunyizia mimea shambani. Akaninyooshea. "Mwaga."

Nilikuwa nimeona vyura wakielea wamekufa kwenye mtaro walikooshea mapipa ya dawa hiyo. "Itaua konokono na samaki pia, bwana."

"Mimi nasema mwaga!"

"Basi mwaga wewe."

Mpishi alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alifunga macho. Siku hizo mtu alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na bila barua ya mwajiri askari wangekusumbua kila kona ya mji. Mikono niliiweka nyuma. Bwana akainua mkono. Memsahib akasema neno kwa Kiingereza, macho yake kwa samaki, na ule mkono ukashuka.

"Nipe mwezi mmoja," nikamwambia memsahib. "Lakini kopo la chakula nitakaa nalo mimi."

Maana shida ilikuwa hapo. Yeye alimwaga kamba waliosagwa asubuhi, mchana na jioni, na kila mgeni akarusha chake. Samaki walikula kidogo. Makombo yalizama, konokono wakala, wakazaa. Nikalitia kopo kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikawapa samaki chakula mara moja kwa siku, kidogo tu. Mgeni akiomba, nilimwambia chakula kimekwisha. Na kila alasiri nilizamisha kisahani chenye kipande cha samaki, nikingoja konokono wajazane juu yake, kisha nikakiinua pamoja nao na kuwapelekea kuku. Wiki ya kwanza nilidhani nachota mchanga baharini. Wiki ya tatu kisahani kilianza kutoka na wachache. Mwezi ulipoisha kioo kilikuwa safi, na konokono kumi hivi niliowaacha makusudi wakawa wanakilamba ukungu wa kijani.

Wageni wakaja kunywa chai. Memsahib akawaonyesha kioo, akaeleza kwa Kiswahili chake, labda ili nami nisikie, jinsi bwana alivyopata dawa nzuri.

"Hakuna dawa," nikasema, birika mkononi. "Ni mimi."

Mgeni mmoja akacheka, kisha akakikatiza kicheko.

Jumatatu nilihamishiwa kufua. Nilifua mashuka yao mwaka mzima, vidole vikapasuka kwa sabuni. Baba aliniuliza kama ninajuta.

"Hata kidogo," nikamjibu. Ilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli.