Siku Niliyowasamehe Wateja wa Chai

Aibu hii nitaieleza mwenyewe, tena kwa mpangilio, kwa sababu nimegundua watu wa hapa Lindi, mtaa wetu wa Kibera, wanaieleza vibaya. Juzi nilisikia kwa kinyozi kwamba nilifukuzwa hotelini na mbwa. Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na mimi tu, nimesimama, koti nimefunga vifungo vyote, nikiwahutubia watu nisiowajua waliokuwa wamekuja kula keki.

Binti yangu Akinyi amechumbiwa na kijana anayeitwa Kimani, wa Kawangware, ambako wazazi wake wana ploti na wapangaji. Sisi ni wapangaji. Mimi hutengeneza cherehani, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kuzifungua na kuzifunga, na watoto wangu watatu nimewalea katika chumba kimoja cha mabati. Wiki mbili kabla ya familia kukutana, Akinyi aliponyokwa na neno: kwamba mamake Kimani, alipoambiwa waje kwetu, aliuliza, "Kwa hiyo nyumba ya mabati? Tutaketi wapi?" Akinyi alicheka aliposema. Mimi sikucheka. Nililala na hilo swali, nikaamka nalo, na kila cherehani niliyoizungusha ililirudia.

Kisha Baba Kimani akatuma ujumbe: tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, juu kule Limuru kwenye mashamba ya majani chai, kutakuwa na chai ya asubuhi, chakula cha mchana na keki, na ramani ya simu ndiyo hii. Niliufikiria ujumbe huo kwa utaratibu. Watu hawa wana ardhi. Tumeitwa shambani. Tutalishwa kutwa nzima. Basi ni nyumbani kwao, nikakata kauli, ni boma la ukoo. Mke wangu akasema, "Baba Akinyi, si upige simu uulize ni kwa nani?" Nikamjibu kwamba baba wa msichana haulizi maswali ya namna hiyo, ataonekana hajui mambo. (Huo ndio uamuzi mdogo. Simu ya dakika moja, na kinyozi asingekuwa na hadithi.)

Na kwa sababu mgeni haendi kwa watu mikono mitupu, tulinunua shopping: sukari, unga, mafuta ya kupikia, mikate miwili, leso ya mama mwenye nyumba, na pakiti kubwa ya majani chai. Ndiyo. Nilibeba majani chai kutoka Kibera nikayapeleka Limuru.

Akinyi na Kimani walikuwa waje baadaye kwa gari. Wazazi wa Kimani sikuwa nimewahi kuwaona, na nilihesabu kwamba wako huko tayari, wakitayarisha. Mimi na mke wangu tulifika saa tatu, saa nzima mapema. Langoni kulikuwa na kibao cha mbao chenye jina lililopambwa maua, nami nikamweleza mke wangu kwamba wenye mashamba hupenda kuzipa nyumba zao majina. Hapo akatoka mama mnene mwenye aproni, uso wote kicheko, akamkumbatia mke wangu kabla hatujatamka neno.

"Ninyi ndio wa saa nne? Karibuni nyumbani! Jisikieni kabisa, hapa ni kwenu!"

Niambieni nyinyi, mtu akikukumbatia akakwambia hapa ni kwenu, utamwomba kitambulisho?

Nikajua huyu ni shangazi. Nikamkabidhi mfuko kwa mikono miwili, nikasema ni kidogo tu, kutoka familia yetu kwenda familia yake. Alichungulia ndani, akanitazama, kisha akatazama michai iliyofika mpaka kwenye ua wake, kijani kitupu kila upande. "Woi, asante sana, baba," akasema. "Haki hakuna mtu amewahi kutuletea." Nikaipokea kama sifa.

Bustanini kulikuwa na meza kadhaa, na watu wameketi makundi makundi. Mke wangu akaninong'oneza, "Mbona hawa hawaketi pamoja?" Nikamwambia ukoo mkubwa huketi kwa nyumba, kila mama na wanawe. (Sijui elimu hiyo niliitoa wapi.) Nikapita meza kwa meza nikitoa mkono, "Mimi ndiye Baba Akinyi," nao wakanipokea vizuri ajabu. Mzee mmoja mwenye mvi na fimbo alisimama kabisa, akasema amefurahi kunijua, nami nikamweka akilini kuwa msemaji wa ukoo. Mama mmoja mwenye kofia pana ya jua, yeye hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Alinipa vidole viwili. Moyoni nikasema: ndiye huyu, mamake Kimani.

Tukaketishwa kwenye meza ndefu, tukaletewa chai, mayai, soseji na mandazi ya moto. Kadiri nilivyoshiba ndivyo nilivyokasirika, kwa sababu mama wa kofia alikuwa akicheka na wenzake, na kila akicheka nilisikia tutaketi wapi, tutaketi wapi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuketi nasi, hata kwa adabu tu. Mke wangu aliona mkono wangu ukienda kwenye kijiko. "Baba Akinyi, hapana," akasema. Nikagonga kikombe.

Nilisema, na nakumbuka kila neno: "Watu wa ukoo huu, asanteni kwa chai. Sisi ni watu wa Lindi. Tunakaa chumba kimoja na hatumwombi mtu radhi. Nimesikia kwamba kuna mama hapa aliyeuliza, akija kwangu ataketi wapi. Mama huyo anajijua. Mimi, kama baba wa binti mnayemtaka, leo nimemsamehe mbele yenu nyote." Nikamtazama mama wa kofia.

"Mimi?" akasema. "Umenisamehe mimi? Hata sijui Lindi ni wapi!"

"Wachana naye, mzee, sema!" akapaza sauti mzee wa fimbo.

Nikasema. Nikaongeza kwamba kiburi cha ploti ni kiburi cha mtu aliyepata bahati, na kwamba mtoto wangu anajua kusoma kuliko nyumba zao zote. Nilikuwa naelekea sehemu ya pili nilipoona bustani nzima hainitazami tena, inatazama nyuma yangu. Nikageuka. Akinyi alikuwa amesimama hapo na Kimani, na mzee mmoja, na mama mfupi mwenye gauni la buluu.

"Daddy," Akinyi akasema polepole, "hao ni macustomer."

Mama wa aproni akaja mbio, mikono kifuani, akasema kwa upole mwingi kwamba hapa ni mahali pa chai, watu huja wikendi. Mzee wa fimbo akaketi. "Mimi nilidhani ni sehemu ya programu," akasema. Mtu akaangua kicheko, na kicheko kikazunguka meza zote mpaka jikoni.

Ningeondoka, lakini mke wangu alikuwa amenishika koti. Basi tukaketi, sisi sita, keki zikawekwa mezani. Yule mama wa gauni la buluu akanigeukia.

"Hayo maneno ulikuwa unaniambia mimi?"

"Nilikuwa nakuambia wewe, ila sikukupata."

"Basi nimefika. Niambie."

Sikuwa na hotuba tena. "Uliuliza tutaketi wapi," nikasema.

"Niliuliza. Na sisi ni watu wengi. Tungeketi wapi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata njia iliyonyooka. "Kwenu kuna viti," nikasema. "Mbona hamkutuita Kawangware? Mbona mmetuleta kwa watu wa keki?"

Baba Kimani akaichunguza keki kana kwamba ataulizwa maswali juu yake. Kimani ndiye aliyejibu, masikini, akisema kwamba waliona hapa ni neutral, si kwao wala si kwetu.

"Neutral ya nini?" Akinyi akauchomoa mkono wake mkononi mwa Kimani. "Kuna vita? Mama yako hataki kuingia kwetu, na sisi hatuingii kwenu. Mimi naolewa wapi sasa, kwa hii garden? Niambie, Kimani. Ama tuwache tu."

Alisema tuwache kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa. Nilitamani kusema kitu, na nashukuru kwamba sikusema.

"Jumapili ijayo mje kwangu," Mama Kimani akasema mwishowe, akimwambia Akinyi, si mimi. "Na ile ya kufuata, tutakuja Lindi. Nitaketi palipo na nafasi." Kisha akanitazama. "Lakini baba yako aongee kidogo."

Akinyi alichukua kisu. Alikata keki, akamwekea Kimani kipande, na hapo tukajua arusi ipo.

Tumeenda Kawangware, nao wamekuja Lindi. Hatujawa marafiki. Yule mama bado hunisalimia kama anayekagua choo cha mpangaji, nami bado namkasirikia, na mumewe namkasirikia kwa kunyamaza, na anayepamba kibao cha hoteli mpaka kionekane cha nyumbani namkasirikia pia. Lakini ninayemkasirikia kuliko wote ni mtu mmoja wa makamo, mwenye akili zake, aliyekuwa na simu mfukoni yenye chaji na salio. Siku ya arusi mke wangu ameamua kwamba hotuba itatolewa na ndugu yangu. Nimekubali. Nami nimejiwekea sheria moja, nimeiandika na kuibandika juu ya meza ya kazi: simsamehe mtu tena kabla sijamuuliza jina.